Kufuli ya umeme: anayelala ndani ndiye ashike funguo

GOMA – Hofu imekuwa biashara katika mji wetu. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kati ya taa za sola, kamera na nyaya, utakuta pia kufuli za umeme: zile zinazofunguliwa kwa kode, kwa kadi, kwa kidole ao kwa simu. Muuzaji anakuambia: "Weka hii, utalala usingizi." Bayeri naye anakuambia: "Nyumba yangu ni ya kisasa, ndiyo maana bei imepanda." Wewe uliyekimbia mara mbili ao tatu, uliyekuta nyumba ya kwanza imeng'olewa hata milango, unasikiliza na unatoa feza.

Ninasema hivi, na ninasema wazi: kufuli yoyote ambayo mtu aliyelala ndani hawezi kuifungua mwenyewe, usiku, bila umeme, bila simu na bila kuomba ruhusa ya mtu mwingine, haifai kuwekwa kwenye mlango wa nje wala kwenye portali ya parseli. Si Goma, si Sake, si Rutshuru, si Bukavu. Na yule anayeiuza ao kuiweka kwa mpangaji bila kumuelezea hilo, anamfanyia ubaya, hata kama anacheka naye.

Si chuki ya vitu vipya

Najua jibu litakalokuja. Kuna watakaosema kwamba waandishi wa redio wanaogopa maendeleo. Hapana. Kufuli ya umeme iliyochaguliwa vizuri ina faida, na faida hiyo inawagusa kwanza watu wetu waliohama.

Funguo ya chuma inapotea njiani. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni, godoro kichwani na bidoni mkononi, akifika Goma funguo haiko tena. Kode inakimbia naye kichwani. Tena katika parseli nyingi za Ndosho, Mugunga ao Majengo, jamaa tatu zinaishi nyuma ya portali moja na funguo ni moja. Mtoto akirudi kutoka masomo anakuta imefungwa, anangoja kwenye barabara hadi jioni. Kode moja kwa kila mkubwa wa jamaa ingemaliza taabu hiyo. Na siku mgeni anapoondoka, ao zamu anapoachishwa kazi, unafuta kode yake tu. Hauna lazima ya kununua kadenasi mpya na kukata funguo kumi.

Kwa hiyo sibishani na kifaa. Nabishana na namna kinavyouzwa, na namna kinavyowekwa na watu ambao wao wenyewe hawalali nyuma ya mlango huo.

Umeme wetu tunaujua

Swali la kwanza ambalo kila mnunuzi anapaswa kuuliza ni hili: umeme ukikatika, mlango unafanya nini? Kufuli za umeme ziko za namna mbili, na muuzaji asiyejua tofauti hiyo asikuuzie kitu.

Namna ya kwanza inashikwa na umeme. Ni ile ya sumaku, chuma kirefu kinachofungwa juu ya mlango. Umeme ukipita, sumaku inavuta na mlango haufunguki. Umeme ukikatika, sumaku inaachilia papo hapo. Ilitengenezwa hivyo kwa sababu nzuri: katika ofisi ao hospitali, moto ukiwaka, watu watoke haraka. Lakini ukiiweka peke yake kwenye portali yako, kila delestaji inawafungulia wezi. Na Goma, ni nani asiyejua delestaji? Tuko na umeme wa SNEL unaotoka mbali kwenye mabwawa ya Ruzizi, tuko na ule wa Virunga Energies unaotoka Rutshuru, tuko na sola ya Nuru kule Ndosho. Nguzo ikianguka, ao waya ikikatwa na risasi, kartiye nzima inaingia gizani. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipofika ndani ya mji, umeme na maji vilikatika kwa siku. Mwenye portali ya sumaku siku hizo alikuwa na portali ya kuegemeza tu.

Watakuambia: "Tutaweka betri na sola." Sawa, tupige hesabu. Sumaku ya kawaida ya volti 12 inakula kama nusu ampere, ni kusema wati 6, na inakula mchana na usiku bila kupumzika. Kwa saa 24 inakuwa wati-saa 144. Taa ya wati 5 unayowasha saa 5 jioni inakula wati-saa 25. Ni kusema sumaku moja inakula umeme wa karibu taa sita kila siku, kwa kushikilia mlango tu. Jamaa iliyo na sola ndogo ya kuwashia taa mbili na kuchaji simu haiwezi kuibeba sumaku hiyo.

Namna ya pili inabaki imefungwa umeme ukikatika, na inakula umeme kwa sekunde chache tu wakati wa kufungua. Hiyo ndiyo ya mlango wa nje na ya portali. Lakini kwa sharti moja ambalo halibishaniwi: upande wa ndani iwe na mkono wa kugeuza, chuma kwa chuma, unaofungua bila umeme, bila kode na bila funguo. Mwizi wa nje akute imefungwa, mtoto wa ndani aweze kutoka. Kufuli isiyo na mkono huo wa ndani ni ya gereza.

Na kwa upande wa nje, iwe na tundu la funguo ya chuma. Zile zinazotumia betri ndogo, mara nyingi nne, zinaweza kufanya kazi miezi mingi, lakini betri dhaifu zinaisha upesi na zingine zinatoa maji yanayokula chuma. Kufuli nzuri inatoa sauti mapema betri zikichoka, na chini yake ina sehemu ya kugusisha betri ya volti 9 ao ya kuingiza waya ya chaji ya simu, ili upate kuiamsha kutoka nje. Uliza sehemu hiyo iko wapi. Akikuonyesha karatasi badala ya kifaa, ondoka.

Intaneti si yetu

Swali la pili: bila intaneti, kufuli inafunguka? Ziko kufuli ambazo simu yako inatuma neno kwa mashine iliyo inchi ya mbali, na mashine hiyo ndiyo inaruhusu mlango wako wa hapa Kyeshero kufunguka. Fikiria jambo hilo vizuri. Unasimama mbele ya nyumba yako, mvua inakunyeshea, na unaomba ruhusa ng'ambo ya bahari.

Hatuna lazima ya kubahatisha yatakayotokea. Siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Hakuna aliyeulizwa kama yuko na mlango unaotegemea intaneti. Ongeza siku ambazo anteni inakosa mafuta, ongeza siku ambazo huna feza ya kununua megabaiti, ongeza siku ambayo kampuni iliyotengeneza kufuli inafunga biashara yake na programu inakufa kwenye simu. Kwenye mlango wa nje, intaneti ikubaliwe kama nyongeza tu. Kufuli inayotumia simu kwa karibu, bila kupita kwenye intaneti, ni afazali. Na hata hiyo, simu si kitu cha kukitegemea peke yake katika mji ambamo simu ndiyo kitu cha kwanza kuibwa.

Usiku wa volkano

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Watu walitoka na walichovaa, wengine wakaelekea Gisenyi, wengine Sake. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja. Walio wazee zaidi wanakumbuka pia tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji. Na sisi sote tunakumbuka mabomu ya Januari 2025.

Mji wa namna hii haupimi mlango kwa namna unavyomzuia mwizi peke yake. Unaupima pia kwa dakika ambazo watu kumi, kati yao mzee mmoja na watoto wanne, wanahitaji ili kutoka gizani. Kwa hiyo portali zile za kutembea na mota, zinazopendwa sana Himbi na kando ya ziwa, ziwe na funguo ya kuachilia mota, ili portali isukumwe kwa mkono. Funguo hiyo isikae kwenye mfuko wa papa wa nyumba aliye safarini Beni. Itundikwe ndani, mahali ambapo kila mtu anapajua, hata msichana wa kazi aliyeanza jana. Na kando ya portali kubwa kuwe na mlango mdogo wa watu. Nyumba iliyofunga mlango mdogo kwa sababu "mota inatosha" imejitega yenyewe.

Kidole, kadi na kode

Muuzaji anapenda sana kufuli ya kidole. Anaweka kidole chake, mlango unalia, wateja wanashangaa. Lakini mwambie amuite mfyatua matofali, ao mama anayeponda mawe ya lava, ao kijana anayesukuma chukudu tangu asubuhi. Mikono inayofanya kazi ya mawe na simenti inafutika alama za vidole. Mikono ya wazee pia. Watoto wadogo nao mashine inawasoma vibaya. Mvua, matope na vumbi letu jeusi vinamaliza kilichobaki. Kidole kinaweza kuwa njia ya tatu ya kufungua, lakini kisiwe ya kwanza, wala kisiwe ya pekee.

Kadi nazo zinatofautiana. Zile za bei rahisi kabisa, zinazotumia masafa ya kilohezi 125, hazina siri yoyote: zinataja namba yao kwa kifaa chochote kinachouliza, na kuna vifaa vidogo vinavyonakili kadi hiyo kwa sekunde chache. Zamu wa zamani, fundi aliyepita mara moja, mtu yeyote aliyeshika kadi yako, anaweza kubaki na pacha wake. Uliza kadi yenye siri iliyofungwa. Kama muuzaji hajui unachouliza, chukua kode na uache kadi.

Kode nayo inahitaji akili kidogo. Kode ya tarakimu nne ina nafasi 10,000, na watu wanaona ni nyingi. Lakini kama hamjaibadilisha kwa mwaka, vitufe vinne vinachakaa na vinaonekana kwa macho. Mwizi akivijua vinne hivyo, na kama kila kimoja kinabonyezwa mara moja, zinabaki nafasi 24 tu za kujaribu. Kwa hiyo chagueni tarakimu sita ao zaidi, badilisheni kila baada ya miezi michache, na kufuli iwe inajifunga kwa muda mtu akikosea mara tano. Kila jamaa iwe na kode yake. Na zile kode za kiwandani, 1234, 0000 ao 123456, zilizoandikwa kwenye kitabu kidogo, zinajulikana na kila fundi wa mji. Kufuli inayobaki na kode ya kiwandani ni sawa na mlango uliofungwa kwa uzi.

Neno moja kwa mafundi. Sehemu ya nje iwe ya kubonyeza tu. Ubongo wa kufuli, ile sehemu inayotoa amri ya kufungua, uwekwe ndani ya nyumba. Nimesikia mafundi wakijisifu kwamba wanamaliza kazi kwa saa moja. Ndiyo, kwa sababu wameweka kila kitu nje, na mwizi mwenye bisibisi atamaliza kwa dakika moja kwa kuunganisha waya mbili. Na kwa kifaa cha nje, angalieni namba inayofuata herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 inazuia vumbi lote na maji ya kurushwa. Mji ambao moshi wa volkano unakula mabati hauwezi kuchukua kifaa cha ndani ya ofisi na kukitundika kwenye mvua.

Anayeshika kode kuu

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Katika kufuli nyingi za namna hii kuna kode moja iliyo juu ya zote. Ndiyo inayoongeza kode zingine na kuzifuta. Katika nyumba unayoishi wewe mwenyewe na uliyoijenga, kode kuu ni yako na hakuna tatizo. Lakini katika nyumba ya kukodi, kode kuu iko kwa nani? Iko kwa bayeri. Na kama kufuli inatumia intaneti, bayeri huyo anaweza kuwa Kinshasa, Kampala ao Brussels, amekaa kwenye kiti, akafuta kode yako kwa kidole kimoja. Unatoka sokoni na watoto, unabonyeza, taa nyekundu. Unabonyeza tena, taa nyekundu. Vyombo vyako, dawa za mzee, makaratasi ya masomo ya watoto, vyote viko ndani.

Wapangaji wa mji huu wanajua mtindo wa zamani: bayeri aliyechoka kungojea kodi ya nyumba anakuja na kadenasi yake, anaiweka juu ya kadenasi yako. Wengine wanaondoa mlango ao wanavua mabati. Ni aibu, lakini ni aibu inayoonekana. Majirani wanatoka, mkubwa wa avenii anaitwa, watu wanaongea, mara nyingi mambo yanapata njia. Kufuli ya umeme inafanya aibu ileile bila kelele na bila shahidi. Hakuna anayeona kadenasi. Bayeri anasema: "Labda ni betri."

Na ni wakati gani tunaletewa kitu hiki? Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na banki zilifunga milango. Watu wenye mishahara yao ndani ya banki walishindwa kuitoa. Mwezi wa Februari, kambi kubwa kama Bulengo na Lushagala ziliachwa tupu katika siku chache. Wengine walirudi Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo na kukuta kiwanja tu. Wengine waliingia mjini kutafuta chumba. Hao ndio wapangaji wapya: jamaa isiyo na kazi, isiyo na mjomba mkubwa, isiyojua ofisi ipi iko wapi. Kumpa mtu wa namna hiyo mlango ambao mwingine anaweza kuufunga kutoka mbali, ni kumuweka tena njiani kabla hajakaa.

Sheria iko. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi hovyo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kukodi iliweka garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu, na kumuondoa mpangaji ni jambo lenye njia yake, linalopita kwa wenye mamlaka ya kuhukumu. Halipiti kwa kadenasi, wala kwa kidole kwenye simu. Najua kuna watakaocheka: "Sheria gani, siku hizi?" Nawajibu: viongozi wanaweza kubadilika, lakini haki ya mtu ya kuingia mahali alipolipia haibadiliki. Na bayeri anayetumia vurugu za vita ili kufanya asichothubutu kufanya wakati wa amani, jina lake si bayeri tu.

Wenye nyumba nao wana maneno yao, na si yote ya uongo. Kuna wapangaji wanaokimbia usiku na deni la miezi sita. Kuna wanaonakili funguo na kuwapa watu wabaya. Kuna wajane ambao kodi ya chumba kimoja ndiyo ugali wao, na mpangaji asipolipa, watoto wa mjane hawali. Hao tunawasikia. Lakini deni linadaiwa kwa maandishi, kwa mashahidi, kwa mkubwa wa kartiye, na likishindikana, kwa hakimu. Halidaiwi kwa kufungia chakula na dawa za watu ndani.

Daftari ambalo hukuliandika

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wanalitaja kama faida: kufuli inakumbuka. Inaandika kode ya nani ilifungua mlango, tarehe gani, saa ngapi. Kwa duka ao depo ya bia, vizuri. Kwa nyumba ya kulala watu, katika Kivu ya leo, ni hatari.

Daftari hilo linasema ni nani aliyelala humo, ni nani aliyefika saa nne ya usiku, ni nani aliyetoka alfajiri na hakurudi. Liko kwa nani? Kama liko kwenye simu ya bayeri, basi simu hiyo ikichukuliwa kwenye kizuizi, maisha ya jamaa nzima yanasomwa na yule aliyeichukua. Nyumba nyingi zetu zimepokea ndugu waliokimbia, na si kila mtu anapenda ndugu huyo ajulikane yuko wapi. Kwa hiyo nasema: kwenye nyumba ya kulala, zima kumbukumbu hiyo, ao chukua kufuli isiyo nayo. Na alama za vidole za watoto zisitumwe popote nje ya kifaa chenyewe. Kode unaweza kuibadilisha, kidole cha mtoto hakibadilishwi.

Mlango kwanza, na jirani

Tuseme ukweli mwingine. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, kwa sababu tumejenga juu ya lava na kwa sababu mbao ndizo tunazoweza. Kuweka kufuli ya mamia ya dola kwenye ubao wa sentimita mbili ni kupoteza feza. Mwizi hatagusa kufuli, ataondoa ubao. Kabla ya umeme, tengeneza fremu, weka bawaba ambazo haziwezi kung'olewa kutoka nje, ziba nafasi ya juu ya portali ambayo mkono unapita. Kwa wengi, komeo nzuri ya chuma ndani na kadenasi ngumu nje vitafanya kazi kubwa kuliko taa za rangi.

Na kufuli haizuii bunduki. Wenye silaha wakigonga saa saba ya usiku, hawaulizi kode. Wanamuuliza mwenye kode. Ndiyo sababu sikubali viongozi, wa upande wowote, wanaowaambia raia "jilindeni" kana kwamba usalama ni bidhaa ya duka. Usalama wa usiku ni kazi ya yule anayesema anaongoza mji. Na pale kazi hiyo inapokosekana, kilichowasaidia watu wa kartiye ni jirani anayepiga filimbi na sufuria, ni nyumba kumi zinazojuana kwa majina. Ukuta mrefu na kufuli ya elfu moja, na hujui jina la jirani yako, hiyo si salama.

Kabla ya kutoa feza

Kwa mnunuzi, fanyeni jaribio mbele ya fundi, kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho. Kateni umeme wa nyumba. Toeni betri. Zimeni simu zote. Mtoto mkubwa abaki ndani, gizani, mlango umefungwa. Mwambieni atoke peke yake. Akitoka bila kuuliza kitu, lipeni. Kisha mmoja wenu asimame nje na ajaribu kuingia kwa funguo ya chuma. Akiingia, sawa. Funguo ya akiba iwekwe kwa mtu mnayemwamini, si chini ya jiwe la mlangoni.

Kwa mpangaji, hasa ninyi mliofika kutoka kambi: kabla ya kutoa garanti, ombeni mambo matatu, na yaandikwe kwenye karatasi ya mapatano. Moja, kode zote za zamani zifutwe mbele yenu, na kode kuu mkabidhiwe ninyi kwa muda wote mnaolipa. Mbili, funguo ya chuma iwe mikononi mwenu. Tatu, kufuli isiweze kufungwa wala kufunguliwa kutoka mbali. Bayeri mwema hatakataa. Akikataa, mmejua mapema, na bado feza iko mfukoni.

Kwa wakubwa wa kartiye na wa avenii: ninyi ndio mnaoitwa wakati wa kadenasi. Anzeni kuuliza pia juu ya kode. Mpangaji akija kusema mlango umemkataa, msimrudishe kwa fundi wa betri. Muiteni bayeri, afungue kwanza, watu waingie, watoto wale. Deni litazungumzwa baadaye, watu wakiwa wamekaa.

Mwandishi wenu, Goma.